Kununua Vitu kwa Simu: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kutoa Fedha



Fedha za karafuu zikiingia mkononi, kila mmoja wetu huwa na haja zake. Huyu ataka turubai la kuanikia, yule ataka mizani, mwingine bomba la kupulizia dawa, taa ya jua, cherehani, au simu ya mtoto aliye skuli. Zamani haja hizo zilipelekwa madukani Wete, Chake Chake na Mkoani, au Darajani kwa wale waliokuwa na safari ya Unguja. Mnunuzi alikishika kitu, akakigeuza, akauliza bei, akapunguziwa, akalipa, akenda zake nacho. Siku hizi wengi wetu hufanya biashara hiyo kwa simu ya mkononi. Picha huonekana, bei husomwa, fedha hutumwa, kisha mtu hungoja.

Katika kule kungoja ndimo malalamiko yanamozaliwa. Mwanachama mmoja aliagiza turubai mwezi wa Juni ili alipate kabla ya mchumo. Likamfikia Oktoba, karafuu zake zimekwisha kunyeshewa juu ya majamvi. Wa pili alipata mizani iliyoonyesha uzito maradufu ya uzito wa kweli, akadhani ni mbovu. Wa tatu aliambiwa kwamba mzigo wake umefika Zanzibar. Akangoja Wete wiki tatu, na muda wote huo mzigo ulikuwa umelala katika ghala mjini Unguja. Wa nne hakupata kitu kabisa, na namba aliyokuwa akiipiga haipatikani tena.

Hatuandiki haya ili kumkataza mtu kununua kwa simu. Wako wanachama waliopata vitu vizuri kwa bei ambayo madukani kwetu haipatikani. Lakini tukiyapima malalamiko yote, twaona yametokana na mambo matatu: ama kitu hakikuelezwa sawasawa, ama safari yake haikuelezwa sawasawa, ama fedha zilitoka kabla ya mambo hayo mawili kujulikana. Twapenda kuyaeleza moja moja.

BIASHARA HII SI NGENI

Kununua kitu usichokiona hakukuanza na simu. Mwaka 1872, katika mji wa Chicago, Marekani, mtu mmoja jina lake Aaron Montgomery Ward alichapisha karatasi moja yenye orodha ya vitu 163 na bei zake, akaipeleka kwa wakulima. Wakulima wale walikuwa mbali na miji, na maduka ya vijijini yaliwauzia kwa bei ya juu. Mtu aliandika barua, na mzigo ukaja kwa gari la moshi.

Watu hawakumwamini upesi. Mwaka 1873 gazeti la Chicago Tribune liliwaonya wakulima wajihadhari naye, kwamba ni mlaghai, kisha likayarudi maneno yake. Hofu hiyo ilikuwa na sababu, maana mkulima alitoa fedha kumpa mtu asiyemjua, kwa kitu asichokishika, kilichoko mbali asikoweza kufika.

Mambo mawili yaliituliza. La kwanza, Ward alifanya biashara na chama cha wakulima kilichoitwa Grange, hata mkulima hakuwa peke yake mbele ya muuzaji. La pili, mwaka 1875 alitangaza kwamba mtu asiyeridhika na kitu atarudishiwa fedha yake. Mwaka 1913 posta ya Marekani ilianza kupeleka vifurushi vikubwa, na mwaka huo huo ikaanza utaratibu wa mnunuzi kulipa pale anapokabidhiwa mzigo. Basi wanachama waone kwamba biashara ya mbali haikusimama kwa uzuri wa picha. Ilisimama kwa ahadi iliyoandikwa, kwa chama, na kwa malipo yaliyongoja mzigo.

PICHA SI KIPIMO

Mkulima wa karafuu hahitaji kufundishwa khabari za vipimo. Ajua kwamba karafuu haiuzwi kwa sura. Hutazamwa ukavu wake, makonyo na taka zilizomo, ikapimwa, ikapewa daraja, ndipo mtu akapewa stakabadhi na fedha. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo akishika simu hununua kwa sura tu.

Chukueni mfano wa turubai. Picha ya turubai jepesi na picha ya turubai zito hazina tofauti. Yote mawili ni ya buluu, yote mawili yana pete pembeni. Tofauti iko katika uzito wa kila mita ya mraba. Jepesi laweza kuwa na gramu 80 tu, na zito gramu 200 au zaidi. Turubai la mita 4 kwa 6 lina mita za mraba 24. Likiwa la gramu 200, uzito wake utakuwa kilo 4 na gramu 800. Likiwa la gramu 80, halifiki hata kilo 2. Basi mwulizeni muuzaji swali moja: turubai hili lina uzito wa kilo ngapi? Akijibu, iandikeni kilo hiyo, na siku litakapofika liwekeni juu ya mizani. Muuzaji asiyetaka kujibu swali hilo amekwisha kuwajibu.

Khabari ya mizani iliyoonyesha uzito maradufu nayo ina maelezo yake. Mizani nyingi ndogo za kutundika, zenye kuonyesha tarakimu, hutengenezwa China. Wachina wanacho kipimo chao kiitwacho jin, nacho ni nusu kilo kamili. Mizani ikiwa imewekwa katika jin, karafuu za kilo 20 husomeka 40. Si mbovu, ina kitufe cha kubadili kipimo, nacho hubonyezwa mpaka herufi za kilo zitokee. Wanachama wenye mizani hizo waijaribu kwa maji, kwani lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, bila ya chombo chake. Tena wakumbuke kwamba mizani ya namna hiyo ni ya kujihesabia nyumbani. Mizani ya kununulia na kuuzia lazima ihakikiwe na wenye mamlaka ya vipimo.

Vitu vya umeme vina shauri lake pia. Umeme wetu ni wa volti 230. Kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya Marekani, ambako umeme ni wa volti 120, kikichomekwa hapa huungua mara moja, isipokuwa kama kimeandikwa kwamba chapokea kuanzia volti 100 mpaka 240. Plagi yetu ni ya meno matatu ya mraba; vitu vingi vya China huja na meno mawili bapa. Hayo yote huandikwa nyuma ya kitu chenyewe, na muuzaji mwenye kitu mkononi aweza kupiga picha ya maandishi hayo akakuletea. Akisema hawezi, huenda kitu hakiko mikononi mwake. Wauzaji wengine huonyesha picha za mali ya watu wengine, na huanza kukitafuta kitu baada ya kupokea fedha yako. Hiyo ni sababu kubwa ya ucheleweshaji.

SAFARI YA MZIGO

Mzigo unaotoka China kuja Pemba hupita mikono mingi. Muuzaji hupeleka kwenye ghala la wakala wa usafirishaji, mara nyingi katika mji wa Guangzhou. Huko hungoja mizigo mingine, ukapakiwa katika meli au ndege mpaka Dar es Salaam. Hapo hupita forodhani, ukaingia ghala la wakala, ukachukuliwa na mtu mwingine mpaka gatini, ukavuka kwenda Unguja, ukashushwa Malindi, ukangoja chombo cha Pemba. Ukifika Mkoani, Wete au kwenye gati ya Wesha, hubaki safari ya gari mpaka shehia yako. Kila anayeupokea husema kweli anaposema kwamba mzigo umefika, umefika kwake. Neno “umefika” halina maana mpaka liongezwe neno la pili, yaani umefika wapi.

Kadhalika neno “Zanzibar”. Muuzaji wa Dar es Salaam akisema kwamba atatuma Zanzibar bila nauli, karibu kila mara maana yake ni bandari ya Unguja. Vyombo kati ya Dar es Salaam na Unguja huvuka kila siku, lakini vya kuja Pemba ni vichache zaidi, na upepo wa kusi ukichafua bahari hupungua tena. Basi mwanachama wa Pemba asikubali neno hilo tupu. Aandike Pemba, aandike bandari anayoitaka, aandike na jina la mtu atakayepokea, lililo sawa na kitambulisho chake. Tangu operesheni ya Anwani za Makazi iliyofanywa mwaka 2022, njia nyingi zimepewa majina na nyumba zimepewa namba. Namba hiyo iandikwe kama ipo, lakini mizigo yetu bado hufuata zaidi namba ya simu na jina la bandari.

Nauli nayo huleta ugomvi. Mtu aagiza kitu cha kilo 6, kisha wakala amdai nauli ya kilo 20, naye aona ameibiwa. Mara nyingi hakuibiwa. Ndege hujaa kwa nafasi kabla ya kujaa kwa uzito. Kwa hiyo kisanduku hupimwa urefu, upana na kimo kwa sentimita, tarakimu hizo zikazidishwa, jumla ikagawanywa kwa 6,000. Jibu huchukuliwa kuwa ni kilo, na nauli hulipwa kwa ile iliyo kubwa zaidi. Kisanduku cha sentimita 60 kwa 50 kwa 40 hupata 120,000, na kwa kugawanya hupata kilo 20, hata kama ndani mna sponji. Wengine hugawanya kwa 5,000, na hapo nauli huzidi. Kwa meli, mizigo midogo kwa kawaida hulipwa kwa mita ya ujazo. Kwetu sisi jambo hili si geni: wachumaji twawalipa kwa pishi, ambayo ni kipimo cha ujazo, na sisi twalipwa kwa kilo, ambayo ni kipimo cha uzito. Anayezichanganya hizo mbili hupata hasara. Basi ulizeni kabla: nauli ni kwa kilo au kwa ujazo, na kisanduku ni cha ukubwa gani?

Jambo kubwa kuliko yote ni wakati. Kwa ndege mzigo huhesabiwa kwa siku na wiki. Kwa meli huhesabiwa kwa miezi. Nguo ya Sikukuu ikichelewa, mtu atavaa ya mwaka jana. Lakini karafuu haingoji. Karafuu mbichi ikilazwa chungu kwa kukosa pa kuianika hupata moto, huchacha, hupauka, na daraja lake hushuka. Kilo tatu mbichi hutoa kiasi cha kilo moja kavu, na hiyo moja ndiyo kazi ya mwaka mzima. Turubai la bei rahisi linalofika baada ya mvua ni ghali kuliko la dukani Chake Chake lililonunuliwa kwa bei ya juu. Wazee walisema, rahisi huvunja upishi. Kitu cha kutumiwa Julai kiagizwe Machi. Aliyechelewa mpaka Juni na anunue hapa hapa.

FEDHA

Fedha ikitoka nzima, muuzaji hana haraka tena. Ndiyo maana desturi yetu ya zamani ilikuwa kutoa arubuni, na iliyobaki kulipwa kitu kikionekana. Desturi hiyo yafaa hata leo. Wako wauzaji wa Dar es Salaam na Unguja wanaokubali kulipwa mzigo unapokabidhiwa, na hao ndio wa kutangulizwa. Mwenye jamaa au mwanachama mwenziwe aliyeko huko na amwombe akaangalie kitu, akipime, ndipo alipe.

Kama lazima fedha itumwe, itumwe kwa namba ya malipo ya duka. Isitumwe kwa namba ya mtu. Kabla hujaweka namba yako ya siri, simu hukuonyesha jina la mpokeaji, lisome. Jina likiwa si la duka wala si la mtu uliyeelewana naye, simamisha hapo hapo. Ukisha kutuma kwa makosa, wapigie kampuni ya simu papo hapo, maana fedha ikishatolewa kwa wakala ni shida kuirudisha.

Tena jihadharini na ujumbe usemao kwamba mzigo wako umekwama forodhani, utume fedha kidogo kwa namba fulani. Malipo ya Serikali siku hizi hulipwa kwa kumbukumbu namba inayotolewa na ofisi yenyewe, wala hayatumwi kwenye simu ya mtu. Ujumbe wa kitapeli wa namna hiyo upelekwe kwa namba 15040, pamoja na namba ya huyo aliyeutuma.

Wala ukubwa wa duka peke yake si dhamana. Jumia, duka la mtandaoni linalojulikana katika nchi nyingi za Afrika, liliacha kazi Tanzania mwezi wa Novemba 2019. Wanachama wengi leo hununua kwa kurasa za Instagram na WhatsApp, ambazo zaweza kufunguliwa asubuhi na kufungwa jioni. Ukurasa wenye watazamaji elfu nyingi si sawa na duka lenye mlango, leseni na mtu wa kumwuliza.

MAMBO YA KUFANYA

Kabla ya kununua, mwanachama na ahakikishe haya:

1. Jina kamili la muuzaji, mahali duka lilipo, na namba yake ya simu. Mpigie, sema naye kwa mdomo.

2. Maelezo ya kitu kwa tarakimu: urefu, upana, uzito, volti, idadi. Maneno kama “kikubwa” na “imara” hayapimiki.

3. Bei yote, pamoja na nauli mpaka bandari ya Pemba, na nani atalipa hamali na forodha.

4. Siku ya mwisho ya kufika, na nini kitafanywa siku hiyo ikipita.

5. Kama kitu si sawa, kitarudishwa vipi, na nauli ya kurudisha ni ya nani.

6. Mazungumzo yote yahifadhiwe katika simu, yasifutwe. Risiti ya malipo iandikwe pia katika daftari, kwa maana simu huanguka majini.

7. Mzigo ukifika, ufunguliwe mbele ya anayeukabidhi, upigwe picha kabla na baada ya kufunguliwa, upimwe. Usitie sahihi kwamba umepokea salama kitu ambacho hujakiona.

Mambo yakiharibika, mwandikieni muuzaji kwanza, kwa adabu, mkimtajia tarehe na ahadi yake mwenyewe. Wengi husikia wakionyeshwa maneno yao. Asiposikia, sheria ipo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 yamtaka muuzaji wa mtandaoni aeleze jina lake, anwani yake na sifa za kitu anachokiuza. Kwetu Zanzibar iko Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, ambayo kazi yake mojawapo ni kumlinda mlaji. Na aliyechukua fedha kwa hila, bila ya nia ya kuleta kitu, huyo ni mhalifu, na khabari zake zapaswa kupelekwa polisi upesi. Lakini katika ofisi zote hizo swali la kwanza ni moja: una ushahidi gani? Mali bila daftari hupotea bila khabari.

TUNUNUE PAMOJA

Mwisho twarudi kwa wale wakulima wa Grange. Nguvu yao ilikuwa chama. Mtu mmoja wa shehia moja akiagiza turubai moja, muuzaji hampotezei usingizi. Wanachama ishirini wakiagiza maturubai ishirini kwa barua moja, muuzaji atajibu simu. Nauli itagawanywa, mzigo utakuja mmoja wenye jina moja na bandari moja, na mtu mmoja aweza kupelekwa Unguja au Dar es Salaam akaupima kabla ya fedha kutoka. Tena mzigo ukichelewa, watakaouliza ni ishirini.

Twawaomba wanachama wa kila tawi wakutane kabla ya masika, waandike vitu watakavyohitaji kwa mchumo ujao, na vipimo vyake, waikabidhi orodha hiyo kwa katibu wa tawi. Na yule ambaye mzigo wake bado uko njiani hivi sasa na alete karatasi zake tawini, na simu yenye mazungumzo yake, tumsaidie kuandika barua kwa muuzaji wake.